Sura ya Sita: Kufunga Taa Juu ya Tangi la Samaki

Taa ya tangi la samaki hukaa mahali pa hatari kuliko taa nyingine za nyumbani. Chini yake kuna maji ya wazi, pembeni kuna kioo, na kila siku mkono wa mtu hupita kati ya umeme na maji hayo ili kulisha samaki, kung'oa majani yaliyooza au kusugua mwani. Kwa hiyo ufungaji wake huongozwa na kanuni moja: ichukuliwe tangu mwanzo kwamba skrubu itang'oka, kamba itakatika au mtoto atavuta waya, kisha kazi ifanywe kwa namna ambayo hata hayo yakitokea taa haifiki majini, na ikifika haiui mtu.

Mifano ya sura hii imechukuliwa Bigwa, kata ya Manispaa ya Morogoro iliyo mguuni pa Milima ya Uluguru. Katika eneo dogo kama hilo hupatikana nyumba za tofali za kuchoma na za tofali za saruji, dari za mbao na za jipsamu, nyumba za familia na vyumba vya kupanga. Kila moja hubeba taa kwa njia yake, na njia inayofaa nyumba moja yaweza kuwa hatari katika nyumba ya jirani.

Mwanga kiasi gani, taa ya uzito gani

Kuchagua taa hutangulia kuchagua skrubu, maana ukubwa wa taa ndio unaoamua uzito wa kufungwa. Samaki wenyewe hawadai mwanga mkali. Wanachohitaji ni mchana na usiku unaofuatana kwa utaratibu. Wanaodai mwanga ni mimea ya majini, na pia wafugaji wa samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa, ambao hupenda mwani uote kwenye mawe kwa sababu wengi wa samaki hao hula mwani huo.

Morogoro iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na mchana wake hubadilika kidogo tu katika mwaka: huwa na muda wa takribani saa 11 na dakika 40 mwezi Juni na saa 12 na nusu mwezi Desemba. Hata hivyo tangi halipelekwi dirishani kufuata jua hilo. Jua linaloingia moja kwa moja hupasha maji joto kupita kiasi na kuyageuza ya kijani kwa mwani. Tangi huwekwa kwenye ukuta usiopigwa na jua, na mwanga wake hutoka kwenye taa.

Tuseme kuna tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 90, upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 45, aina ambayo fundi alumini huitengeneza kwa kioo cha milimita 8 na silikoni. Maji yakijazwa hadi sentimita 40 ni lita 144, yaani kilo 144, na kioo chenyewe kinazidi kilo 30. Kwa mimea isiyo na madai makubwa, taa ya LED ya wati 30 hadi 40 ni mahali pazuri pa kuanzia. Taa ya wati 36 yenye mgongo wa alumini inaweza kufikia kilo 3. Ikiwaka saa 8 kwa siku hutumia uniti 0.288, au takribani uniti 8.6 za LUKU kwa siku 30. Tyubulaiti za zamani zenye choki ya chuma huwa nzito zaidi, hutoa joto zaidi, na vishikio vya miguu yake huwa wazi kwa mvuke. Hazina tena sababu ya kuwekwa juu ya maji.

Mahesabu ya sura hii yanatumia tangi hilo na taa hiyo ya kilo 3.

Kitu gani kibebe uzito

Kioo cha tangi si cha kubebea taa. Kuta zake tayari zinasukumwa nje na maji saa zote, na nguvu hiyo hushikiliwa na silikoni ya kwenye kona pamoja na vipande vya kioo vinavyofunga ukingo wa juu. Taa ndogo ya kubana ukingoni inaruhusiwa pale tu mtengenezaji wake alipotaja unene wa kioo inachofaa, ikiwa na mpira kati ya chuma na kioo, na ikibanwa mbali na kona. Taa nzito hutafutiwa mhimili mwingine, na mihimili iliyopo ni mitatu: ukuta, dari na stendi.

Ukutani taa hukaa kwenye mikono ya chuma inayojitokeza juu ya tangi. Hapa kinachong'oa skrubu si uzito peke yake. Ni umbali wa uzito huo kutoka ukutani. Tangi la upana wa sentimita 40 lililoachiwa nafasi ya sentimita 5 nyuma yake lina mstari wa katikati ulio sentimita 25 kutoka ukutani, na hapo ndipo uzito wa taa unapoangukia. Ikiwa bamba la mkono lina skrubu mbili zilizoachana kwa sentimita 20 juu na chini, skrubu ya juu huvutwa nje kwa nguvu ya kilo 3 mara 25 gawanya kwa 20, yaani kilo 3.75. Skrubu hizo zikiachana sentimita 5 tu, mvuto huo hufika kilo 15. Mtu akiegemeza mkono kwenye ncha ya mbele, sentimita 40 kutoka ukutani, kwa nguvu ya kilo 10, bamba la sentimita 20 huongeza mvuto wa kilo 20 kwenye skrubu ya juu, na lile la sentimita 5 huongeza kilo 80. Kwa sababu hiyo bamba refu lenye skrubu zilizoachana ni salama kuliko bamba fupi lenye skrubu nene, na mikono miwili ni bora kuliko mmoja.

Aina ya ukuta huamua kinachofuata. Tofali ya saruji iliyoshindiliwa vizuri hushika skrubu ya milimita 6 yenye kishikizo cha plastiki, mradi tundu lizame ndani ya tofali yenyewe kwa sentimita 4 au zaidi. Lipu haihesabiwi. Fundi akitoboa kwa drili huona vumbi likibadilika rangi pale biti inapotoka kwenye lipu na kuingia kwenye tofali, na kina cha tundu hupimwa kuanzia hapo. Tofali ya kuchoma hutofautiana: iliyoiva vizuri motoni hushika, iliyokaa pembeni ya tanuri husagika kama unga na tundu hupanuka kadiri biti inavyozunguka. Vumbi likitoka jingi na jepesi, na kishikizo kikaingia kwa kidole bila kupigwa nyundo, tundu hilo liachwe. Hutobolewa jingine katikati ya tofali, mbali na mstari wa udongo au saruji unaounganisha tofali na tofali. Penye lenta ya zege yenye nondo juu ya milango na madirisha, hapo ndipo ukuta ulipo imara kuliko kwingine, na fremu ndefu inaweza kushushwa kutoka kwenye lenta hadi usawa wa taa. Ukuta wa miti na udongo haufai kubeba taa hata kidogo.

Darini taa huning'inizwa kwa waya za chuma za kusuka au kwa cheni. Ubora wa njia hii ni kwamba mbele ya tangi hubaki wazi na taa inaweza kupandishwa mtu anapofanya usafi. Ubaya wake hufichwa na dari yenyewe. Bodi ya jipsamu haibebi kitu cha kuning'inia juu ya maji, hata kwa zile skrubu zinazofunguka mabawa nyuma yake. Bodi ikipata unyevu wa bati linalovuja hulainika na kuachia. Kulabu lazima ifike kwenye mbao za kenchi. Pale kenchi mbili zinapopita pande mbili za tangi bila kuwa juu yake, fundi hulaza ubao wa inchi 2 kwa 4 kutoka kenchi hadi kenchi, huupigilia pande zote mbili, na kupitisha bolti yenye kulabu na nati kwenye ubao huo. Nati na wosha hukaa juu ya ubao, ili bolti isiweze kuchomoka kwa kuvutwa chini.

Waya za kuning'inizia zishuke wima. Taa ikishikwa na waya mbili zilizonyooka, kila moja hubeba nusu ya uzito, kilo 1.5. Waya hizo zikitanuka hadi kila moja ikalala nyuzi 60 kutoka wima, kila moja hubeba uzito wote wa kilo 3, na kulabu huvutwa kwa ubavu, mwelekeo ambao haikutengenezewa. Tangi lisiwe karibu na pangaboi, kwa kuwa upepo wake huyumbisha taa siku nzima na waya hukatika uzi mmoja mmoja pale zinapopinda. Waya nne, mbili kila upande, hutuliza myumbo huo.

Stendi ndiyo suluhisho la chumba cha kupanga, ambako mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe. Fundi wa kuchomelea hutengeneza stendi ya tangi kwa skwea paipu, kisha nguzo mbili za nyuma huendelea juu na kupinda au kuunganishwa na paipu za mlalo zinazofika katikati ya tangi. Uzito wa maji wenyewe huzuia fremu hiyo isipinduke, ikiwa nguzo ni sehemu ya stendi inayokaliwa na tangi. Nguzo zinazosimama peke yake sakafuni nyuma ya tangi hazina uzito huo wa kuzishika na hupinduka zikisukumwa. Viungo vyote vya kuchomelea hupigwa rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu, na ncha za paipu huzibwa, kwani mvuke huingia ndani ya paipu iliyo wazi na kuila kutoka upande usioonekana.

Vifaa vyote vya kufungia viwe vya chuma kisichoshika kutu au vilivyopakwa zinki. Kutu haiharibu nguvu ya skrubu tu: matone yenye kutu hudondoka ndani ya tangi. Hatari zaidi ni shaba. Waya wa shaba ulioachwa wazi hupata ukungu wa kijani, na shaba inayoyeyuka kidogo tu majini huua kamba na konokono wa tangini na kudhuru samaki.

Kamba ya akiba

Njia yoyote kati ya hizo tatu huongezewa kishikio cha pili kisichotegemea cha kwanza. Taa iliyo kwenye mikono ya ukutani hufungiwa waya mwembamba wa chuma unaokwenda kwenye kulabu nyingine, iliyo kwenye tundu lake na tofali lake. Taa ya darini huwa na waya wa akiba unaofika kwenye kenchi kwa bolti yake. Waya huo hulegea kidogo, ili usibebe uzito wakati wa kawaida, lakini uwe mfupi kiasi kwamba kishikio kikuu kikiachia, taa husimama angalau sentimita chache juu ya kifuniko. Waya wa umeme hauhesabiwi kuwa kamba ya akiba. Umetengenezwa kupitisha umeme, na ukivutwa kwa uzito wa taa huchomoka kwenye viungio vyake na kuacha shaba ikiwa wazi.

Kwa kufunga ncha ya waya wa chuma, fundo halitoshi, kwani waya wa kusuka huteleza. Hutumika vibano viwili vidogo vya nati, na ncha hurudishwa sentimita kadhaa nyuma kabla ya kubanwa.

Urefu na kifuniko

Taa ikiwa chini sana hupigwa na maji na huzuia mkono. Ikiwa juu sana mwanga humwagika ukutani na machoni mwa watu waliokaa sebuleni. Kwa tangi lenye mimea ya kawaida, sentimita 10 hadi 30 juu ya maji hutosha. Mimea ikirefuka kupita kiasi na kupauka, taa hushushwa kidogo; mwani ukifunika majani, hupandishwa au muda wa kuwaka hupunguzwa. Ndiyo maana waya au mikono yenye kurekebishika ina faida kuliko iliyochomelewa mahali pamoja.

Kati ya taa na maji huwekwa kifuniko cha kioo. Kifuniko hicho ndicho ngao ya kwanza ya umeme, maana hunasa mruko wa maji na mvuke, na taa ikianguka hukutana nacho kabla ya maji. Kioo safi hupitisha karibu asilimia 90 ya mwanga, hivyo hasara yake ni ndogo. Lakini hakipaswi kulazwa hivi hivi ukingoni: hukaa kwenye vishikizo vya plastiki au kwenye vipande vya kioo vya ukingo wa ndani, huwa na kingo zilizosuguliwa zisikate, na hugawanywa vipande viwili ili sehemu ya mbele ifunguke wakati wa kulisha. Nyuma huachwa upenyo mwembamba wa mabomba na hewa.

Kuna samaki ambao bila kifuniko hawakai. Jenasi ya Nothobranchius, samaki wadogo wa rangi kali wanaoishi kwenye madimbwi ya msimu na ambao mayai yao husubiri mvua ndani ya tope lililokauka, ni hodari wa kuruka. Mmoja wao, Nothobranchius steinforti, alielezwa kisayansi mwaka 1977 na makazi yake ni Kimamba, Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Perege waliokua nao hurusha maji wakati wa kula. Kifuniko kina kazi nyingine tena wakati wa mvua: kumbikumbi hufuata taa usiku, na bila kioo huanguka majini kwa mamia, hufa, na kuchafua maji kabla ya asubuhi.

Kifuniko husuguliwa kila wiki. Chumvi ya maji na mwani vikikauka juu yake hukata mwanga, na mfugaji asiyejua hilo hununua taa kubwa zaidi, yaani uzito zaidi, wakati kitambaa kingetosha.

Umeme

Umeme wa nyumbani Tanzania ni wa volti 230. Mtu aliyelowa mkono ana ngozi isiyozuia umeme vizuri, na mkono wake ukiwa ndani ya maji huku miguu iko pekupeku kwenye sakafu ya saruji, njia ya umeme kupitia kifua imekamilika. Kinga huwekwa kwa tabaka, kila moja ikisaidia iliyoshindwa.

Tabaka la kwanza ni kuuweka umeme mkubwa mbali. Taa bora ya tangi ni ya volti 12 au 24 inayolishwa na adapta. Adapta hukaa mbali na tangi, imefungwa ukutani, haiko juu ya kifuniko wala ndani ya kabati lenye unyevu, na ina nafasi ya hewa kwa sababu hupata joto. Alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa kwenye lebo yake ina maana kwamba imekingwa mara mbili kati ya umeme wa ukutani na umeme wa taa. Adapta ya bei ya chini isiyo na lebo yoyote inaweza kuruhusu volti 230 kupita hadi kwenye taa siku inapoharibika, na kwa hiyo haifai hapa hata kama inawasha vizuri.

Tabaka la pili ni mwili wa taa wenyewe. Herufi IP na tarakimu mbili zilizoandikwa kwenye taa hueleza ulinzi wake: tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. IP44 huhimili mruko wa maji, IP65 huhimili maji yanayorushwa kwa mpira, na IP67 huhimili kuzama hadi mita 1 kwa dakika 30. Juu ya tangi, IP65 ni kiwango cha chini kinachofaa, na IP67 ni bora. Balbu ya kawaida ndani ya kofia ya mbao, au tyubu ya LED ya sebuleni iliyofungwa kwa waya juu ya maji, haina ulinzi wowote kati ya hiyo.

Wanaojitengenezea taa kwa mkanda wa LED huharibu ulinzi huo pale wanapoukata. Ncha iliyokatwa lazima izibwe upya, na silikoni ya kuzibia ichaguliwe. Ile anayotumia fundi alumini kuunganisha tangi, yenye harufu kali ya siki inapokauka, ni nzuri kwa kioo lakini asidi yake hula shaba ya viungio. Kwa ncha za mkanda hutumika silikoni isiyo na harufu hiyo.

Tabaka la tatu ni njia ya waya. Maji hutiririka juu ya waya na kufuata mteremko wake, hivyo waya wowote unaotoka tangini hushushwa kwanza chini ya usawa wa soketi, ndipo upande tena hadi kwenye soketi. Tone likifika sehemu ya chini ya tao hilo hudondoka sakafuni. Soketi iwe ubavuni mwa tangi, isiwe chini yake wala nyuma yake. Ekstensheni isilazwe sakafuni, maana siku tangi litakapovuja maji yataifikia kabla ya mtu kujua; ifungwe ukutani kwa wima au chini ya meza ya pembeni. Waya usipite mahali pa kukanyagwa au pa mtoto kuvuta.

Tabaka la nne ni plagi. Plagi ya miguu mitatu ya bapa ina fyuzi ndani yake, na kwa taa ya wati 36 fyuzi ya ampia 3 inatosha sana. Ile ya ampia 13 inayokuja na plagi nyingi huacha waya mwembamba uungue kabla haijakatika. Zoea la kusukuma kijiti kwenye tundu la ethi ili plagi ya miguu miwili ya mviringo iingie kwa nguvu lina madhara mawili: plagi hukaa ikiwa imelegea na kutoa cheche, na soketi hupoteza mlango wake wa usalama. Plagi hubadilishwa, haishurutishwi. Taa yenye mwili wa chuma inayopokea volti 230 moja kwa moja lazima iunganishwe na ethi, na ethi hiyo iwe inafanya kazi kweli.

Tabaka la mwisho liko kwenye ubao wa umeme wa nyumba: kifaa chenye maandishi RCCB na 30 mA. Hicho hulinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Tofauti ikifika miliampia 30, kwa sababu sehemu ya umeme imepata njia ya kwenda ardhini kupitia maji au mwili wa mtu, hukata ndani ya sehemu ndogo ya sekunde. Sakiti breka ya kawaida haiwezi kazi hiyo. Umeme wa miliampia mia moja unaweza kuvuruga mapigo ya moyo hadi kifo, na breka ya ampia 16 huuona kama matumizi ya kawaida. RCCB ina kitufe chenye herufi T. Hubonyezwa mara moja kwa mwezi, na isipokata hapo hapo hubadilishwa. Nyumba isiyo nayo huwekewa na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA kabla ya tangi kuwashwa. Gharama yake ni sehemu ya bei ya tangi, sawa na kioo na mchujo.

Saa ya kuwashia

Kuwasha kwa mkono husahaulika, na mwani hunufaika na usahaulifu huo. Saa ya kuwashia huwekwa kati ya soketi na plagi ya taa. Kwa tangi jipya saa 6 kwa siku zatosha, kisha huongezwa hadi 8 mimea ikishika. Wengi hupenda taa iwake jioni watu wakiwa nyumbani, kwa mfano kuanzia saa 8 mchana hadi saa 4 usiku; kwenye saa hiyo hutegwa 14:00 hadi 22:00. Saa ya kuzunguka isiyo na betri husimama umeme unapokatika na kuchelewa kwa muda huo huo, kwa hiyo baada ya katizo refu hurekebishwa. Yenye betri ndogo ndani huendelea kuhesabu.

Mpangilio wa kazi

Kazi ni salama zaidi tangi likiwa tupu. Ikiwa tayari lina maji, hufunikwa kwa ubao mzima na turubai juu yake, kwani nyundo au drili ikianguka kwenye kioo, lita 144 zitakuwa sakafuni kwa muda mfupi. Kabla ya kutoboa ukuta huangaliwa mahali pa swichi na soketi, maana nyaya zilizozikwa kwenye lipu kwa kawaida hupanda au kushuka wima kutoka kwenye vifaa hivyo. Pasitobolewe juu wala chini yake. Anayepanda darini huzima mein swichi, hukanyaga mbao tu, na huitumia nafasi hiyo kukagua kama panya wameguguna nyaya.

Matundu hupimwa kwa pima maji, mikono au kulabu hufungwa, kisha hujaribiwa kabla taa haijaguswa. Jaribio ni rahisi: ndoo au mfuko wenye mzigo mara nne ya uzito wa taa, kilo 12 kwa mfano huu, huning'inizwa mahali taa itakapokaa na kuachwa usiku kucha. Asubuhi bamba lisiwe limeachana na ukuta wala skrubu kusogea. Hapo ndipo taa hufungwa, kamba ya akiba huunganishwa, waya wa umeme huelekezwa na kufungwa kwa vibanio, na kifuniko huwekwa. Umeme huunganishwa mwisho wa yote, kwa mikono mikavu, na kitufe cha RCCB hubonyezwa siku hiyo hiyo.

Ukaguzi

Mvuke hufanya kazi polepole, na ukaguzi ndio unaouwahi. Kila wiki, kifuniko kikisuguliwa, taa huzimwa na kuchomolewa, hufutwa kwa kitambaa kikavu, na huangaliwa kama kuna ukungu wa maji ndani ya kioo chake. Ukungu huo ukionekana, taa haiwashwi tena mpaka izibwe au ibadilishwe. Kila mwezi hubonyezwa kitufe cha RCCB, huvutwa kwa upole kila kishikio, na huguswa adapta na plagi: joto dogo ni la kawaida, lakini plagi inayochoma kidole au yenye rangi ya kahawia hutolewa. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, hukaguliwa dari na bati juu ya tangi, kwa sababu maji yanayovuja kwenye paa la nyumba hushuka kwa kufuata zile zile waya zinazobeba taa.

Zoea moja lina uzito kuliko ukaguzi wote: umeme wa taa huzimwa na plagi kuchomolewa kabla ya mkono kuingia majini, kila mara, hata kwa kuokota jani moja. Watoto wa nyumba na wageni hufundishwa hivyo hivyo.

Taa ikianguka majini

Taa ikitumbukia, hakuna anayegusa maji, tangi, stendi ya chuma wala waya, hata kama taa imezimika. Umeme hukatwa kwenye mein swichi. Soketi iliyo karibu na tangi hairuhusiwi kuguswa ikiwa sakafu imelowa. Baada ya kukata, plagi huchomolewa, ndipo taa hutolewa. Mtu aliyeshikwa na umeme havutwi kwa mikono: umeme hukatwa kwanza, na ikiwa swichi haifikiki, husukumwa kwa ubao mkavu au kiti cha plastiki na mtu aliyesimama mahali pakavu. Asiyepumua huanzishiwa kukandamizwa kifua mara moja huku wengine wakitafuta usafiri wa hospitali, na aliyepigwa na umeme akazinduka hupelekwa pia, kwa kuwa mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika baadaye.

Taa iliyozama haiwashwi tena hata ikikauka, isipokuwa ile ya IP67 au IP68 iliyokaguliwa na fundi na kukutwa haina maji ndani. Sehemu ya maji ya tangi hubadilishwa, na kishikio kilichoachia hutafutwa sababu yake kabla ya kuweka kingine: tofali lililosagika, ubao uliooza, kutu au waya uliokatika kwenye kona. Kishikio kipya hufungwa mahali papya, na jaribio la mzigo hurudiwa tangu mwanzo.